Nafasi Zilizo Sawa

Miongoni mwa kazi za mchoraji ramani, kupanga vitu vinavyofanana juu ya mstari kwa nafasi sawa huhesabiwa kuwa kazi ya mwanagenzi. Taa za barabarani, nguzo za ua, miti ya kivuli, vyuma vya handreli: anachora kimoja, anakihifadhi kama bloki, kisha anaiachia kompyuta ikirudie mpaka mstari uishe. Wazo la mchoro mama wenye nakala nyingi lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Ivan Sutherland alilionyesha mwaka 1963 kule MIT katika programu yake ya Sketchpad, ambamo ukibadilisha mchoro mama, nakala zote nazo hubadilika. AutoCAD, iliyotoka mwaka 1982, ina amri mbili za kazi hii. DIVIDE unaipa idadi ya sehemu, nayo inagawa mstari. MEASURE unaipa umbali, nayo inaanza kupima kutoka ncha iliyo karibu na ulipobofya, na kipande kisichotimia kinabaki ncha ya pili. Zote mbili huuliza kama bloki zifuate mwelekeo wa mstari au la. Ni maswali mawili matatu tu, ndiyo maana watu husema hapa hakuna ufundi. Mimi naona ufundi uko hapa hapa. Kompyuta inagawa mstari ilioonyeshwa, lakini haijui ni kitu gani kinachotakiwa kuwa sawa. Hilo anaamua mchoraji.

Chukua roshani yenye uwazi wa milimita 3,000 kutoka ukuta hadi ukuta, inayotakiwa kuwekewa vyuma vya wima vyenye unene wa milimita 20. Nchini Uingereza, kanuni za ujenzi wa nyumba zinataka tufe la milimita 100 lisiweze kupita kati ya vyuma hivyo, kwa usalama wa watoto. Hesabu yake si ngumu. Vyuma 24 vinaacha mianya 25 ya milimita 100.8, imezidi, vyuma 25 vinaacha mianya 26 ya milimita 96.15, inafaa. Mchoraji mwenye haraka anaiambia DIVIDE igawe mstari wa 3,000 mara 26, anapata nafasi 25 za kuweka bloki, na ukitazama skrini huoni kasoro. Lakini kilichogawanywa ni mstari, na bloki zimekaa kwa vitovu vyake. Kila mwanya wa katikati unaliwa nusu ya chuma huku na nusu ya chuma huku, unabaki 95.4. Ule wa kwanza na ule wa mwisho unaliwa upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili ni ukuta, unabaki 105.4. Mianya miwili inapitisha tufe, tena katika mchoro ambao umbali wa kitovu hadi kitovu haupishani hata kidogo! Dawa yake ni nyepesi, na kwangu mimi inapendeza sana: mstari wa kugawia urefushwe milimita 10 kila upande, ufike 3,020, kana kwamba nusu ya chuma imezama katika kila ukuta, ndipo ugawanywe mara 26. Mianya yote inatoka 96.15. Mstari huo wa kusaidia hufutwa baadaye, na atakayeisoma ramani hatajua kama uliwahi kuwepo.

Kuchanganya vitu na nafasi zake ni kosa la kale. Vitruvius, msanifu wa Roma wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliwakosoa wajenzi wa mahekalu waliozidisha nguzo za mbele mara mbili ili kupata za ubavuni. Kinachotakiwa kuzidishwa, alieleza, ni nafasi: nguzo 6 za mbele zina nafasi 5, basi ubavuni ziwe nafasi 10, yaani nguzo 11. Aliyeweka 12 alikuwa amepitiliza kwa nafasi moja nzima.

Mstari ukipinda, uamuzi unakuwa mgumu zaidi. Tuseme ua unafuata upinde wenye nusu kipenyo cha mita 10, na paneli zake zimetengenezwa karakana kwa milimita 2,500 kutoka nguzo hadi nguzo. MEASURE itapima 2,500 kwa kuufuata upinde, na itakuwa imepima sawasawa, ila paneli imenyooka. Kwa mstari ulionyooka, nguzo mbili hizo zimeachana 2,493.5 tu, na kila paneli inagoma kwa milimita sita na nusu. Hapa amri yafaa iachwe, mchoraji arudi kwenye kazi ya bikari: duara la nusu kipenyo cha 2,500 juu ya nguzo ya kwanza, linapokata upinde ndipo pa nguzo ya pili, na kuendelea. Mambo ni vivyo hivyo kwenye mwelekeo. Taa ya barabarani lazima igeuke pamoja na barabara, mkono wake uendelee kuelekea kati ya njia. Vyuma vya handreli ya ngazi havitakiwi kugeuka. Mstari wa ngazi umelala, vyenyewe visimame wima. Tena milimita 120 zilizopimwa juu ya mteremko wa digrii 35 zinakuwa 98 zikipimwa kwa usawa wa sakafu. Aliyejibu "ndiyo" pale palipotaka "hapana" hatapata onyo lolote kutoka kwa programu.

Wapo watakaosema haya yalikwisha tangu AutoCAD ya 2012 ilipoleta mpangilio unaofuata njia na kukumbuka uhusiano wake na mstari, hata barabara ikirefushwa taa zinajipanga upya. Ni kweli, na ni msaada mkubwa. Lakini nao unataka kuambiwa: barabara ikirefuka, idadi ibaki na nafasi zitanuke, au nafasi ibaki na taa ziongezeke? La kwanza linaweza kuacha giza kati ya taa na taa, la pili linaongeza gharama. Programu itatekeleza lolote kati ya hayo mawili kwa uaminifu uleule.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la wapenda majengo, kwamba usawa mtupu haupendezi. Parthenon ya Athens ina nguzo 8 mbele na 17 ubavuni, na nafasi za pembeni ni finyu kuliko za katikati. Sipingi, ila nauliza kwa nini ni finyu. Wajenzi wake walitaka pambo la juu ya nguzo limalizikie kwenye pembe kabisa, wakakubali nguzo za mwisho zisogee. Walijua wanachokilinda na walichokitoa, na ndicho ninachomdai mchoraji wa roshani. Kwenye nyumba za mawe za Lamu, boriti za dari zimepangwa moja baada ya nyingine, na urefu wa boriti ndio uliotawala upana wa chumba. Pale pia kuna kipimo kimoja kilichotangulia, vingine vikakifuata.

Limebaki lile linalosemwa kila siku saiti: acha, fundi atarekebisha. Fundi hurekebisha kwa anachopewa. Ule umbali wa vitovu kwenye roshani yetu ni milimita 116.15, ukiandikwa 116 na kurudiwa mara 26, mwishoni pamekosekana milimita 4, na zote zitaangukia mwanya mmoja, ambao utafika 100 kamili. Mchoraji anayeijali kazi yake haandiki 116 mara 26. Anaandika umbali wa kila kitovu kutoka ukuta ule ule mmoja: 106, 222, 338, 455, na kuendelea hadi 2,894, ili fundi aishike futikamba mahali pamoja na kutia alama zote 25 bila kuihamisha.