Subiri Watu Wapite

Saa tatu asubuhi, Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora. Mwenzangu ameshasimika kamera kwenye stendi na anasubiri watu wapite. Watu hawapiti. Basi la wanafunzi limeegeshwa chini ya mwembe tangu tulipofika, na watoto kama sitini wenye masweta ya shule wamejaa mbele ya tembe la Livingstone, kila mmoja anataka kuugusa mlango wa nakshi. Pembeni yao mama mmoja amepanga embe kwenye beseni na asali kwenye chupa za maji.

"Wakiondoka tu," mwenzangu ananiambia, "ukuta, mlango, mwembe. Basi."

Walikaa saa mbili. Walipoondoka alibaki yule mama, na mimi ndiye niliyetumwa kwake. Nikamwamkia shikamoo, nikamwomba asogeze beseni lake kidogo, tunapiga picha. "Nisogee hadi wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha kwa mkono. Akasogea, akainama kuokota embe moja iliyobiringika. Nilinunua embe nne ambazo sikuzihitaji.

Naandika haya kwa sababu mwenzangu aliniomba maneno ya kuweka mlangoni mwa maonyesho yake ya picha za njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Nimezitazama zote mara tatu. Ni nzuri, na nisieleweke vibaya: huyu mtu anaujua mwanga wa Unyamwezi, ule wa jioni unaougeuza udongo kuwa shaba, na ana subira ambayo mimi sina. Lakini katika picha thelathini na nne hakuna binadamu hata mmoja. Tulikwenda naye bwawa la Igombe siku ya Jumapili. Kulikuwa na vijana, spika, mishikaki, na bibi harusi aliyeshika viatu mkononi. Kwenye picha yake ya Igombe kuna maji na mawingu.

Hayuko peke yake. Tafuta Kwihara kwenye simu yako, utaona picha ileile imepigwa na watu tofauti: ukuta mwekundu, mlango, mwembe. Tumefundishwa na vipeperushi vya utalii kwamba mandhari nzuri ni ile ambayo watu wameondolewa. Pengine kwa mlima hilo halidhuru sana. Kwa njia ya misafara linaua kitu chenyewe, maana njia ile haikuwa mandhari. Ilikuwa watu. Burton alipofika Kazeh mwaka 1857 alikuta makazi ya wafanyabiashara waliotoka pwani, na bara na pwani vikiwa vimeunganishwa na miguu ya wapagazi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, kwa safari ya miezi. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi hawa, anaonyesha kwamba wengi walikuwa wafanyakazi wa ujira, wenye ujuzi na fahari ya kazi yao, walioweza hata kugoma. Utumwa ulikuwepo, na ulikuwa mkatili. Ila ukipiga picha ya mwembe mtupu kisha ukaandika chini yake neno moja, "Minyororo", umewafuta watumwa na wapagazi kwa pamoja. Anayebaki ni mwembe.

Hapa nakumbuka picha nyingine. Mwaka 1871, hapahapa Tabora, mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu, na mwaka uliofuata akaenda naye London. Huko walipigwa picha katika studio ya London Stereoscopic Company: Stanley katika mavazi ya safari, mtoto kando yake, na Afrika yote imetengenezwa ndani ya chumba. Kalulu alikufa maji mwaka 1877 kwenye maporomoko ya mto Kongo. Miaka mia na hamsini iliyopita walichukua mtu wa kweli wakamwekea mandhari ya uongo. Sisi tuna mandhari ya kweli, na tunamwondoa mtu. Sijui ni ipi kati ya hizo mbili niione afadhali, lakini angalau ile ya London ina uso, na ule uso unakutazama.

Nilimwambia mwenzangu hivyo tukiwa kwenye bodaboda tukirudi mjini. Jibu lake halikuwa dogo. Alisema mtoto mwenye sweta la shule au kijana mwenye jezi ya Yanga anaibomoa picha. Mtazamaji anatoka 1872 anaangukia leo. Nililifikiria usiku kucha. Lakini tembe lenyewe si la 1872. Lile tunaloliona lilijengwa upya katika karne ya 20, na barabara tuliyopita ina nguzo za umeme, ambazo pia huwa anazifuta kwa programu. Hiyo 1872 anayoilinda hakuikuta Kwihara. Amekwenda nayo.

Na hiyo 1872 yenyewe ilikuwaje? Stanley aliondoka mwezi Machi kwenda pwani, akamwacha Livingstone katika nyumba hiyo hadi Agosti. Mzee alikuwa na vitu. Alichokuwa hana ni watu wa kuvibeba. Miezi mitano alikaa pale akisubiri wapagazi watoke pwani, kwa sababu bila wao hangeweza kwenda popote.

Sikuandika maneno ya mlangoni. Nilimtumia mwenzangu namba ya faili moja, kati ya zile alizoziweka kwenye folda ya kufutwa. Katika hiyo, mvulana anakatiza mbele ya mlango akikimbilia basi, sweta limefungwa kiunoni, mguu mmoja uko hewani na sura haionekani vizuri kwa mwendo. Kwenye kona ya kulia kuna nusu ya beseni la embe na mkono wa yule mama. Nilimwambia aichapishe hii kubwa kuliko zote, aiweke katikati.

Alijibu kwamba imeharibika, haina fokasi. Nikamuuliza kama ameshaifuta. Ujumbe una tiki mbili za buluu tangu Jumanne.