Jinsi Maneno Ndugu ya Kiingereza Yalivyotenganishwa

Ukitafuta “big” katika kamusi ndogo ya Kiingereza, utaambiwa ni “large”. Ukitafuta “large”, utarudishwa kwenye “big”. Kamusi imesema kweli, lakini mwanafunzi bado hajui lipi atumie wapi.

Duara hilo lilivunjwa na watunga kamusi wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, wakiongozwa na Profesa John Sinclair. Kamusi yao, COBUILD, ilichapishwa na Collins mwaka 1987. Walikusanya maandishi na mazungumzo halisi, maneno yapatayo milioni 20, wakayaingiza kwenye kompyuta. Kila neno walilochunguza lilitokea katikati ya mistari mingi, majirani zake wakionekana kushoto na kulia.

Majirani ndio waliotoa siri. “Large” lilionekana kuandamana na idadi na kiasi: “a large number”, “a large amount”. “Big” hukaa vizuri na “mistake” au “surprise”. Sinclair alibaini pia kwamba “set in”, ambalo wengi hulifasiri kuwa “kuanza” tu, huja zaidi na mambo mabaya: uozo, maambukizi, kukata tamaa. Ndiyo maana kamusi hiyo ilieleza maana kwa sentensi kamili, ili msomaji aone neno likiwa kazini.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kuitumia mbinu hiyo bila kompyuta, kwa kuanzia na vitenzi vyake mwenyewe. “Steal” na “rob” humchanganya kwa sababu amefundishwa kwamba yote ni kuiba. Lakini sisi huiba pesa na humwibia mtu. “Steal” hufuatwa na kilichoibwa. “Rob” hufuatwa na aliyeibiwa, au mahali palipoibiwa. “Say” na “tell” nayo hutengana kama kusema na kuambia.

Hata kosa la kusema “borrow me” badala ya “lend me” lina chanzo. Kuazima hutumika pande zote mbili: naazima kitabu kwako, nawe waniazima. Vitenzi kukopa na kukopesha havichanganyiki hivyo, na ndivyo vinavyolingana na “borrow” na “lend”.

Kwa hiyo mwalimu anayeandika ubaoni neno moja na tafsiri moja anamnyima mwanafunzi nusu ya maarifa. Aandike sentensi tatu za kila neno, kisha aulize: nini kinalitangulia, na nini kinalifuata?