Sauti Mpya Katika Filamu ya Zamani

Yako mazoea ya kuhakiki filamu kwa macho peke yake. Mhakiki hutaja picha, waigizaji na hadithi, kisha hunyamaza kuhusu yale yaliyoingia masikioni. Nia ya makala haya ni kuichunguza filamu moja kwa upande wa sauti, nayo ni Vertigo ya Alfred Hitchcock, jinsi ilivyotengenezewa sauti ya kumzunguka msikilizaji na kutiwa katika santuri za video za nyumbani.

Filamu hiyo ilipotolewa mwaka 1958, maneno, muziki na vishindo viliunganishwa katika njia moja ya sauti. Muziki wake ulitungwa na Bernard Herrmann. Kwa sababu ya mgomo wa wanamuziki wa Marekani, ulipigwa London na Vienna chini ya uongozi wa Muir Mathieson, na sehemu ya London ilirekodiwa kwa sauti ya stereo. Mwaka 1996 Robert Harris na James Katz waliifufua filamu hiyo, wakazitumia rekodi hizo za muziki. Lakini sauti zilizokwisha kuunganishwa ni kama sukari iliyokwisha kukorogwa katika chai: haitoki tena. Ilibidi vishindo vingi virekodiwe upya, nyayo na milio ya risasi ikiwa miongoni mwavyo. Kazi hiyo ndiyo iliyowafikia watu majumbani kwa santuri ya DVD mwaka 1998.

Mpangilio uliotumika una njia sita: tatu za mbele, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na moja ya ngurumo nzito tu. Hapo fundi ana mitihani miwili. Kwanza, ukumbi wa sinema una safu nzima ya spika ukutani, hali nyumbani ziko mbili tu, tena karibu na sikio. Jambo linalopendeza ukumbini laweza kumshtua mtu sebuleni na kumtoa katika hadithi. Pili, watazamaji wengi hawana spika sita. Mashine huzikunja njia hizo ziwe mbili, na katika kuzikunja, ile ya ngurumo kwa kawaida huachwa. Fundi aliyeuweka uzito wote wa kishindo katika njia hiyo amewanyima wenye televisheni tupu. Kwa hiyo fundi mwema huisikiliza kazi yake kwa spika sita, kisha kwa mbili, kisha kwa moja.

Ama kuhusu Vertigo yenyewe, faida ipo. Katika sehemu ndefu ambapo Scottie anamfuata Madeleine kwa gari katika mitaa ya San Francisco, karibu hapana neno linalosemwa. Muziki ndio unaobeba hadithi. Muziki huo ulipopanuliwa ukajaa chumba, mtazamaji hubaki ndani ya mapenzi ya Scottie, wala si mbele yake tu. Hapa sauti mpya imeyatumikia maudhui.

Hasara inaonekana mapema, katika mbio za juu ya mapaa. Risasi mpya ni kali na za karibu mno, na nyayo zasikika kama za jana. Sauti za waigizaji zimebaki zile zile za 1958, nyembamba, zikitoka katikati. Nyakati mbili zinagombana ndani ya picha moja. Waliofufua filamu walijitetea kwamba waliyafuata maagizo ya maandishi ya Hitchcock kuhusu sauti. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Karatasi yaweza kueleza mahali pa mlio na nguvu yake. Haiwezi kutupatia mlio wenyewe ambao msanii aliusikia akauridhia.

Linganisha na Apocalypse Now ya mwaka 1979. Humo Walter Murch alizipanga helikopta zimzunguke mtazamaji tangu mwanzo, kwa hiyo kuileta sauti hiyo nyumbani ni kuhifadhi. Kuizungushia Vertigo sauti ni kutunga upya.

Tena hadithi yenyewe ilikuwa imekwisha kutuonya. Scottie anamchukua Judy, anamvisha nguo za marehemu, anambadilisha rangi ya nywele, mpaka sura inafanana, naye Judy anaangamia. Sisi tunaosomesha tenzi twalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mhariri anayepata muswada ulioliwa na mchwa anaruhusiwa kukisia neno lililopotea, ila huonyesha kwa alama kwamba ni lake. Akinyamaza, amemsingizia mshairi.

Kwa hiyo kosa halikuwa kutengeneza sauti mpya. Kosa ni kumpa mtazamaji sauti hiyo bila kumwachia ile ya asili. Matoleo ya baadaye yalirekebisha jambo hilo kwa kuziweka sauti zote mbili, mtu achague, na huo ndio mwenendo unaostahili kudaiwa kwa kila filamu kongwe.

Mwalimu aliye na toleo kama hilo anaweza kuwapa wanafunzi zoezi: wafumbe macho, wasikilize tukio la mnarani mwishoni, ambapo mtawa anaipiga kengele, kwanza kwa sauti ya 1958, kisha kwa ile ya 1996. Halafu waeleze kila moja imewaambia nini juu ya Scottie anayesimama pale ukingoni.