Aliyetumwa na Wenziwe: Wasifu wa Siti binti Saad Unaposomwa Upya

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Vyungu vya Fumba havikuwa vibaya, na bado ilibidi vitembezwe. Mwanamke aliyevifinyanga alivitia kichwani, akashika njia ndefu ya kwenda mjini Unguja, akipita akinadi kwa sauti iliyosikika kabla hajaonekana mwenyewe. Sauti ile ilikuwa chombo cha biashara tu, sawa na kata na kapu. Hapakuwa na aliyeitaja kuwa ni kipaji, wala mwenyewe hakuwa na sababu ya kuiona hivyo.

Mwanamke huyo ndiye Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mnamo 1880 na kufariki 1950. Shaaban Robert alionana naye karibu na mwisho wa maisha yake, akamwandikia wasifu uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, ambao vizazi vya wanafunzi vimeusoma katika skuli za sekondari. Kitabu ni chembamba, lakini kimebeba suali zito: mtu huzaliwa na dhamira ya maisha yake, au huiokota njiani? Na akishaiokota, ni nani wa kuthibitisha kuwa imewafaa wengine?

Jawabu la Shaaban Robert ni la tabia. Anamchora Siti kuwa mtu wa subira, unyenyekevu na bidii, ambaye umasikini haukumvunja na sifa hazikumlevya. Katika mkabala huo kitabu kina mafanikio makubwa. Zama zile wasifu uliandikwa kwa ajili ya masultani, mashekhe na mashujaa wa vita. Kumwekea kitabu kizima mfinyanzi wa shamba, mwanamke asiyekwenda skuli, mtoto wa wazee waliotoka bara na walioonja utumwa, kulikuwa ni kauli yenyewe hata kabla ya ukurasa wa kwanza kusomwa. Mwandishi hakuomba radhi kwa uteuzi huo. Aliutendea kwa lugha ile ile ya heshima aliyoitumia kwa mambo makuu, na msomaji akajifunza kuwa heshima haina haja ya nasaba.

Kitabu pia kina jicho kali katika suala la kejeli. Siti alipoanza kuvuma, walitokea waliomtungia wimbo wa kumkumbusha kuwa alikuja mjini amevaa kaniki, vazi la watumwa na wanyonge, na kwamba lau si sauti asingepata cha kula. Naye alijibu kwa wimbo, akiweka akili na utu mbele ya sura na nasaba. Hapa Shaaban Robert anaona ushindi wa hulka njema. Hapana shaka anaona sawa. Ila lipo jambo jingine ndani ya tukio hilo ambalo kalamu yake inalipita haraka: wale waliomkejeli walikuwa wamesema kweli. Aliishi kwa sauti. Riziki yake ilitoka humo, nayo haikumtia haya.

Hapo ndipo udhaifu wa wasifu unapoanza kujitokeza. Mwandishi aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni na mwalimu wa maadili kwa silika alitaka mfano wa kuigwa, na mfano wa kuigwa husafishwa. Tunapewa fadhila za mwimbaji kuliko tunavyopewa makali ya nyimbo. Msomaji anaweza kulifunga buku akiwa na yakini kuwa Siti alikuwa mtu mwema, asijue bado ni kitu gani hasa alichokibadilisha katika dunia yake.

Kitu hicho kinajulikana. Tarabu iliyokuwa ikipigwa Unguja kabla yake ilikuwa aghlabu ya wanaume na ya Kiarabu. Chama cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905 katika mazingira hayo. Siti, baada ya kuhamia mjini mnamo 1911 na kufunzwa na Muhsin bin Ali, aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurikodi santuri, na sauti ya mwanamke wa Fumba ikasikika barazani na mikahawani kote mwambao. Waliokuwa wakisikiliza muziki bila ya kufahamu maneno yake, sasa walifahamu. Jambo hili likitamkwa huonekana dogo. Kwa mtu ambaye lugha yake haijapata kusikika kwa wakubwa ila wakati wa kupokea amri, si dogo hata kidogo.

Na nyimbo hizo zilisema nini? Mfano ulio mashuhuri ni ule wa Kijiti. Wimbo unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyechukuliwa matembezini na kuuawa akiwa mja mzito. Muuaji anatorokea bara, na adhabu inawaangukia wanawake waliosimama mahakamani kutoa ushahidi. Hakimu wa kikoloni alikwisha kukata shauri, na faili likafungwa. Wimbo ulilifungua tena. Kila santuri ilipozungushwa, kesi ilisikilizwa upya mbele ya baraza isiyokuwa na wakili wala karani, na marehemu akapata mashahidi ambao hapana gereza lingeliweza kuwaenea. Hiyo ni kazi ambayo wasifu wa maadili hauwezi kuipima, kwa kuwa haikutokana na upole.

Zaidi ya hayo, kazi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Nyimbo zilipikwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikokaa wachukuzi, wapishi, wavuvi na watumwa wa jana waliokuwa wakijifunza kuwa raia. Walikutana jioni nyumbani kwa Siti: Subeit Ambar, Mbaruk Talsam, Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo, na majirani waliokuja na habari za mahakamani, sokoni na uchochoroni. Mwaka ule ule wa safari ya Bombay, 1928, watu wa Ng'ambo walikuwa katika mgomo wa kodi ya viwanja. Asiyeijua hewa hiyo ataona kipaji kilichoshuka kutoka mbinguni. Anayeijua ataona mtaa mzima ukitafuta wa kuusemea.

Yawezekana mtu akapinga kwa kusema kuwa Siti aliimba pia katika majumba ya Sultani, akapokea tunzo, na kwamba msanii anayelipwa na wakubwa hana dai la kuwatetea wadogo. Hoja hii ina nguvu kwa mwenye kudhani kuwa wema lazima uwe na njaa. Mfinyanzi hakuuza vyungu kwa masikini peke yao. Aliyekuwa na pesa alinunua, na chungu hakikubadilika kwa sababu ya jiko lililokipokea. La kupima ni iwapo nyimbo zilizosikika jumbani na zile za Ng'ambo zilitoka katika udongo mmoja. Ushahidi wa santuri zilizobaki unaelekea upande wa ndiyo.

Mwaka 1988, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake, kiliita *Sauti ya Siti*. Uteuzi huo ni uhakiki mfupi kuliko wote uliopata kuandikwa juu yake. Wanahabari hao wangeweza kuchagua subira ya Siti, au tabia yake. Walichagua sauti, yaani kile kilichotendwa.

Wasifu wa Shaaban Robert hauna budi kuendelea kusomwa, ila usisomwe bila ya nyimbo kando yake. Kitabu kinatuhadithia kuwa mtoto wa Fumba alipewa kwanza jina la Mtumwa, na kwamba mji ndio uliompa jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima. Msomaji hufurahi kuona jina la kwanza likitupwa. Lakini Kiswahili kina hekima yake: mtumwa ni aliyetumwa. Alipokuwa Fumba, alitumwa na dhiki. Alipofika Ng'ambo, alitumwa na wenziwe, na ujumbe akaufikisha.