Kuipima Bunduki ya Kubuni

Gobore ni mwanzo mzuri kwa msanii anayetaka kubuni bunduki ya karne zijazo, maana kila kiungo chake kina sababu ya kuwapo. Baruti na goroli huingia kwa mdomo wa mtutu, hushindiliwa kwa mdeki, na mwindaji akikosa shabaha hana risasi ya pili ya kufyatua papo hapo. Subira yake imezaliwa na chombo. Basi ukiletewa mchoro wa gobore lililofanywa la kisasa, tuseme kwa hadithi inayotokea Buhigwe, mkoani Kigoma, miaka mia mbili ijayo, acha umbo kwanza, uulize adui wa bunduki hiyo ni nani. Adui wa gobore ni unyevu: baruti ikilowa, haiwaki. Msanii hodari ataiondoa baruti na kuweka betri inayochajiwa kwa jua, kisha atakumbuka kwamba kwenye vilima vya Manyovu, huko huko Buhigwe, mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Mei, na wingu likitanda chaji hupatikana kwa shida. Mvua imebaki kuwa adui, na mwindaji bado analazimika kusubiri. Msanii dhaifu ataondoa baruti na kuubakiza mdeki chini ya mtutu kama pambo, ilhali hauna tena cha kushindilia.

Watasema hadithi ni ya kubuni, na mbunifu hana deni kwa mvua wala fizikia. Ni kweli kwamba msomaji humruhusu muujiza mmoja, hata miwili. Lakini bunduki za kubuni zilizodumu machoni pa watu zilijengwa juu ya vitu vyenye uzito. Ile ya askari wenye mavazi meupe wa Star Wars, filamu ya 1977, ilitokana na Sterling, bunduki ya jeshi la Uingereza. Ile ya Aliens, ya 1986, ilikuwa na bunduki ya kweli ya Thompson ndani ya ganda lake, na ubavuni ilikuwa na kihesabio cha risasi zilizobaki. Kihesabio hicho kinafanya kazi kubwa kuliko mapambo yote: kinampa mtazamaji hofu ya kuishiwa, hofu ileile ya mwenye gobore.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kushikilia urithi kunaizuia bunduki isiwe mpya. Historia ya Kigoma inajibu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoangamizwa Rufiji mwaka 1915, mizinga yake ya milimita 105 iliopolewa, na mmoja ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, hiyo hiyo tunayoiita Liemba. Mzinga wa baharini ukawa silaha mpya ya ziwani, bila kuficha ulikotoka. Usasa wa kweli mara nyingi huja hivyo, kwa kuunganisha kilichopo na haja iliyozuka, na maungio huonekana. Kwa hiyo tafuta maungio: kitako cha mti mwingine, bomba lililochomelewa, waya uliopitishwa mahali ambapo fundi wa kijijini angeufikia kwa bisibisi. Angalizo tu, kwa kuwa siku hizi kutu imegeuka urembo na wachoraji huipaka kila mahali. Uchakavu wa haki hukaa pale mkono unaposhika, kwenye shingo ya kitako na karibu na kifyatulio, na mahali mkanda unaposugua.

Jina na rangi havinisumbui sana. Taa za buluu zinazomulika ubavuni ndizo zinazonikera, kwa sababu mwindaji anayevizia ngiri migombani usiku hawezi kubeba silaha inayotangaza alipo; mchoro wenye taa hizo urudishwe kwa mchoraji.