Roz Hana Mdomo

Roz, roboti wa filamu ya katuni ya The Wild Robot, hana mdomo. Ana macho mawili ya taa kwenye kichwa laini cha mviringo, basi. Hatabasamu, hanuni, hakunji uso. Kwa katuni ya familia huo ni uamuzi wa hatari, maana wachoraji wa katuni huanzia usoni wanapotaka mtoto ajue mhusika anahisi nini. Mwongozaji Chris Sanders wa DreamWorks aliuchukua, kisha mzigo wote akauweka kwenye koo la Lupita Nyong'o, Mkenya aliyeshinda Oscar mwaka 2014.

Sikiliza anavyoubeba. Roz anapozinduka kisiwani, sauti yake ni ya uchangamfu uliopangwa kiwandani, kama ya mashine inayokuuliza kwenye simu ikusaidie nini: juu, safi, kila neno na uzito uleule. Baadaye anaangukia kiota cha bata bukini, linabaki yai moja, na kinda Brightbill anamfanya yeye kuwa mama. Hapo Lupita habadilishi sauti ghafla. Anachelewa kidogo kabla ya kujibu. Sentensi zinafupika, mwisho wa neno unashuka. Filamu ikifika katikati tunamsikia mama, wala hatuwezi kusema mashine iliondoka saa ngapi. Katika katuni sauti hurekodiwa kwanza, wachoraji wakafuata. Kwa hiyo ule mkao wa Roz wa kuinamisha kichwa na kuusitisha mkono hewani umezaliwa ndani ya pumzi ya mwigizaji.

Picha nazo zimefanyiwa kazi ya namna hiyohiyo. Msitu haukujengwa jani kwa jani. Umepakwa kwa mipigo ya brashi, na manyoya ya wanyama vivyo hivyo. Anayeishi Tukuyu ataelewa haraka. Ukungu unaposhuka Mlima Rungwe asubuhi, huoni mti mmoja mmoja, unaona kijani kizito na kijani chepesi, na bado unajua ule ni msitu. Roz ndiye anayeanza akiwa amenyooka na kung'aa kama bati jipya, kisha uchafu, mikwaruzo na kuvu vinamwingiza polepole kwenye rangi za kisiwa.

Ubishi unaanza tukifika kwenye kitabu. Peter Brown alikichapisha mwaka 2016, sura 80, nyingi zikiwa fupi mno, na simulizi yake haina haraka. Waliokipenda wanalalamika kwamba filamu ya dakika 102 imeyakuza mapigano ya mwisho kwa moto na roboti mwovu, na kwamba mbweha Fink, ambaye kitabuni hana nafasi kubwa, amefanywa karibu mzazi wa pili. Kuhusu Fink siungani nao. Roz asiye na uso anahitaji mtu wa kubishana naye, la sivyo sauti ile isingekuwa na pa kugonga. Kuhusu mwisho, wana haki kabisa. Robo ya mwisho inapiga kelele kama katuni nyingine yoyote, na inakizika kile kipindi cha Brightbill kuruka na kundi lake kuikimbia baridi, ambacho ndicho kilele halisi cha hadithi.

Wengine wanadai ndege wanaohama hivyo ni jambo geni kwa mtoto wa Rungwe. Si kweli. Mbayuwayu wa bluu huzaliana kwenye nyasi za Kitulo, jirani zetu hapa, wakati wa mvua, kisha huhama kuelekea ukanda wa Ziwa Victoria. Kinachoweza kuwa kigeni ni Kiingereza cha filamu, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Sisi Watanzania tuna ufundi wetu wa kutafsiri muvi. Lufufu na waliomfuata walijenga jina kwa kusimulia juu ya picha, wakieleza, wakitania, wakijaza kila pengo. Kwa muvi ya ngumi mtindo huo ni raha tupu, na umewapa watu wengi sinema ambayo wasingeielewa. Ukiuweka juu ya Roz, utafunika sekunde zilezile anazokaa kimya kabla ya kumjibu mwanawe, na zikifunikwa hizo, mabadiliko yote ya sauti niliyoyaeleza hayasikiki. Mtoto atajua kilichotokea ila hatamsikia Roz akibadilika.

Kwenye Oscar za 2025 The Wild Robot ilitajwa mara 3 na haikupata hata moja. Tuzo ya katuni ilikwenda kwa Flow ya Latvia, filamu isiyo na neno hata moja la mazungumzo. Kimya nacho husimulia. Kwa hiyo ombi langu kwa watafsiri na wenye vituo vya televisheni ni hili: filamu hii ikiingizwa Kiswahili, tafuteni mwigizaji mmoja wa kike, mpeni muda wa kuijenga sauti ya Roz hatua kwa hatua, na pale Roz anaponyamaza, mwacheni anyamaze.