Pareto si jina la mtu

Majuzi nikiwa Nyamira, nilimsikia mwalimu akiwaeleza wanafunzi kwamba pareto iliitwa hivyo kwa heshima ya Vilfredo Pareto, mwanauchumi wa Italia. Ati kwa kuwa zao hilo lilileta pesa! Maelezo hayo yanavutia, ila hayana mashiko.

Neno hili tulilitohoa kutoka Kiingereza, 'pyrethrum', nacho kililipata kwa Kigiriki kupitia Kilatini. 'Pyr' ni moto. Wapo wanaodhani moto wenyewe ni ile sumu inayoua mbu na viroboto. Sivyo pia. Wagiriki waliuita hivyo mmea mwingine, ambao mzizi wake ukiutafuna unachoma ulimi. Baadaye jina likahamia kwa ua hili letu jeupe lenye kiini cha manjano. Kiswahili nacho kikageuza 'th' kuwa 't', kikalifunga neno kwa irabu.

Wazazi wengi wa Kisii walisomesha watoto kwa ua hili, kisha wakaling'oa malipo yalipochelewa. Si haki wajukuu wao waambiwe jina ni la Mwitaliano ambaye hakulichuma.

Na 'mapareto' ninayoyasikia sokoni Keroka? Hayo nayo siyakubali. Ni pareto hii, pareto hizi.